Koki Kuu Iko Wapi?

Nyumba ilikuwa Kimara, Dar es Salaam, mwezi wa nne, mvua za masika zikiwa zimekatika kwa siku mbili tatu. Cheti changu cha ufundi bomba kilikuwa na wiki tano tangu nikipokee. Mama mwenye nyumba alikuwa na koki ya jikoni iliyodondosha maji usiku kucha, na jirani alimwambia kuna binti mtaani amemaliza chuo cha ufundi cha VETA. Kubadilisha koki ya sinki ni kazi ya dakika 20. Nikainama chini ya sinki, nikafunga valvu ndogo iliyokuwa pale mpaka ikagoma, nikashika spana. Nati ya kwanza ikalegea vizuri. Ya pili ilipolegea, maji yakanipiga usoni.

Valvu ile ilikuwa imeliwa na chumvi ya maji ya kisima. Mpini ulizunguka na kugoma kama kawaida, lakini ndani kizuizi kilishakatika siku nyingi, hakizuii kitu. Nikakimbia nje kutafuta mita, nikaikuta imefukiwa na kifusi. Nikatazama tangi juu ya mnara wake, ngazi hakuna. Huku nyuma maji yalikuwa yameshavuka korido yanaingia sebuleni, chini ya kochi, kwenye zulia. Aliyeniokoa ni mtoto wa nyumba, mwanafunzi wa shule ya msingi aliyekuwa amesimama mlangoni na sare zake. Akasema, "Dada fundi, baba huwa anafungia kule nyuma ya choo cha nje."

Mtoto alijua. Mimi niliyesomea sikujua, kwa sababu sikuuliza.

Mama yule hakunifokea. Alileta ndoo na dekio, tukakausha wote wawili, kisha akasema, "Malizia kazi, mwanangu." Nikamalizia mikono ikitetemeka. Kesho yake nilikwenda kwa mzee aliyenipokea saiti wakati wa mazoezi, mtu wa Tanga, fundi wa tangu enzi za mabomba ya chuma. Nilimweleza yote: valvu, mita, zulia. Akanisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Ulipoingia, uliuliza koki kuu iko wapi?" Nikamwambia sikuuliza. "Basi kesho uulize." Akarudi kwenye kazi yake.

Leo nina miaka 14 katika kazi hii, na bado hilo ndilo swali langu la kwanza baada ya hodi na salamu. Naandika nikiwafikiria vijana wanaotoka vyuoni sasa hivi na begi jipya la vifaa, na wazazi waliouza mbuzi au kukopa kwenye kikoba ili walipe ada. Nawafikiria pia wenye nyumba, kwa sababu fundi mpya anafundishwa na wao vilevile.

Chuoni bomba liko mbele yako, limebanwa kwenye jiliwa, mwanga wa kutosha, mwalimu hatua tatu kando. Unakata, unachonga uzi, unaunga, unapewa alama. Unapanda ngazi ya kwanza, ya pili, na wenye uwezo wanafika ya tatu. Elimu ile ni ya kweli na sitaki mtu aidharau. Lakini nyumba ya Dar es Salaam haifanani na karakana. Imeanza na chumba na sebule, ikaongezwa jiko, ikaongezwa vyumba vya wapangaji, na kila nyongeza ilipitiwa na fundi wake. Ndani ya ukuta mmoja unakuta chuma cha nusu inchi kimeungwa na plastiki, plastiki imerudi kuwa chuma, na hakuna mchoro. Kijana anaposimama mbele ya ukuta kama huo na moyo ukamwenda mbio, hana kasoro yoyote. Moyo unamwambia ukweli kwamba kuna mambo hayajui.

Watu humwambia fundi mpya ajikaze, aongee kwa sauti nzito, asionyeshe woga mbele ya tajiri. Nimewaona waliofuata ushauri huo. Ndio wanaopasua tailizi kwanza na kufikiri baadaye. Mimi nimeona kwamba woga wa fundi mpya una sababu zinazohesabika, na ukiziondoa moja moja kabla ya kugusa nati, woga wenyewe unapungua bila kujikaza.

Kwa hiyo dakika kumi za mwanzo begi langu halifunguliwi. Nauliza koki kuu iko wapi, naenda kuiona, naifunga kwa mkono wangu mwenyewe. Kisha nafungua bomba la chini kabisa la nyumba, mara nyingi lile la uani la kufulia, na kusubiri maji yakate. Hapa vijana wengi hudanganyika. Nyumba nyingi za kwetu zina njia mbili za maji, ya DAWASA, yaani mamlaka ya maji ya jiji, na ya tangi, na nyingine zina kisima pia. Ukifunga kwenye mita umezuia njia moja tu. Tangi la lita 2,000 bado linakusubiri juu. Maji yakiendelea kuchuruzika baada ya dakika tatu nne, ama kuna njia nyingine hujaiona, ama valvu imekufa. Hapo namwita mwenye nyumba, namwonyesha mchirizi ule kwa macho yake, namwambia, "Valvu hii haishiki, tuanze nayo." Neno hilo ukilisema kabla ya kazi, wewe ni fundi. Ukilisema zulia likiwa limelowa, unajitetea.

Sasa nije kwenye kuunga, maana hapo ndipo tabia ya fundi inapoonekana.

Siku hizi nyumba nyingi zinaungwa kwa mabomba ya PPR, yale ya plastiki yanayochomwa kwa mashine. Mashine ina sahani yenye moto wa nyuzi joto 260, na juu ya sahani zimefungwa soketi mbili, moja inapasha bomba kwa nje, nyingine inapasha kiungo kwa ndani. Kwa bomba la milimita 20, lile tunaloliita nusu inchi, unapasha kwa sekunde 5. Ukitoa, una sekunde 4 za kuingiza bomba kwenye kiungo. Ukishaingiza, unashika bila kutikisa mpaka pakaze, halafu unapaacha dakika 2 bila kupasumbua. Hizo namba zimechapwa kwenye karatasi inayokuja na mashine, na karatasi hiyo nimeiokota kwenye takataka za saiti mara nyingi kuliko nilivyoiona ukutani.

Tazama jointi iliyochomwa vizuri. Pale bomba linapoingia kwenye elibo panatokea pete mbili nyembamba za plastiki iliyoyeyuka, zimelala sambamba, zimezunguka sawasawa pande zote. Ukipitisha ukucha unazihisi zote mbili. Sasa chukua ya kijana mwenye wasiwasi. Anaogopa jointi isije ikavuja, kwa hiyo anapasha sekunde 10 badala ya 5, na anasukuma kwa nguvu zake zote mpaka mwisho. Kwa nje inaonekana nene, imara. Ikate katikati kwa msumeno uone: plastiki iliyozidi imejikunja ndani, na tundu la bomba limebaki kama la kalamu. Haitavuja. Ila bafu la ghorofani litatoa maji ya kudonoadonoa miaka yote, na hakuna atakayejua kwa nini.

Jointi yangu ya kwanza ya kila saiti mpya huwa naikata, tangu yule mzee wa Tanga anionyeshe hivyo. Kipande cha bomba na soketi moja, hasara yake ni ndogo sana. Naichoma, naiacha ipoe, naipasua kwa urefu, natazama. Kama umeme ni mdogo na mashine haijafika moto wake, naona. Kama vumbi au unyevu uliingia, naona vitundu vidogo kwenye plastiki, maana tone la maji likiguswa na moto ule linageuka mvuke na kuacha upenyo. Baada ya hapo mikono yangu inatulia kwa siku nzima. Kijana asiyejiamini namshauri afanye hivyo kila asubuhi kwa mwaka wake wa kwanza. Na apime kina cha kuingia, milimita 14 hivi kwa bomba lile la 20, akichore kwa penseli, asikadirie kwa jicho.

Kosa lingine la haraka ni kuzungusha. Umeingiza bomba, ukaona elibo imekaa upande, ukaizungusha kidogo inyooke. Ndani ya zile sekunde 4 unaweza kurekebisha kidogo sana. Zikipita, unachana kitu kilichoanza kushikana, na huo mchaniko hauonekani kwa nje. Nilifanya hivyo mara moja nikiwa na miezi saba kazini. Jointi ile ilikaa kimya wiki tatu, mpaka ukuta ukapigwa lipu na rangi, kisha doa la unyevu likaanza kupanda kama ramani. Nilirudi, nikachimbua, nikaziba, nikalipia lipu na rangi kutoka mfukoni mwangu. Haikuwa pesa ndogo kwangu wakati ule, lakini mwenye nyumba yule bado ananipigia simu mpaka leo.

Tangu hapo sikubali ukuta ufungwe kabla ya kupima presha. Naziba matundu yote kwa plagi, nafunga pampu ya mkono, najaza maji taratibu ili hewa itoke, napandisha mpaka mara moja na nusu ya presha ambayo mabomba yatafanyia kazi, kisha nakaa chini. Mpiga lipu ananuna, kibarua chake kinasubiri. Mwache anune. Kabla ya lipu napiga picha kila ukuta kwa simu, futi ikiwa imekunjuliwa pembeni ili siku mtu akitaka kutoboa apigilie kabati ajue bomba liko sentimita ngapi kutoka kona. Picha hizo namtumia mwenye nyumba kwa WhatsApp siku hiyohiyo, maana simu yangu inaweza kuibwa.

Nina pia madaftari, yale ya kawaida ya shule. Kila nyumba ina ukurasa: tarehe, koki kuu ilipo, aina ya mabomba na ukubwa wake, nilichobadilisha, na nilichokiona kibovu lakini sikukigusa. Hicho cha mwisho ndicho chenye thamani. Mtu akipiga simu baada ya miaka miwili, nafungua ukurasa kabla sijapanda daladala.

Kutambua ugonjwa ni kazi nyingine kabisa, na hapa fundi mpya huumia zaidi kwa sababu anaona aibu kukaa kimya akitazama. Niliwahi kuitwa Tabata kwenye nyumba nzuri yenye harufu ya choo katika chumba cha wageni. Mafundi wawili walishapita. Wa kwanza alisema bomba limepasuka chini ya sakafu. Wa pili alitaka kuvunja tailizi zote za bafu. Mimi niliomba nikae humo dakika tano peke yangu. Nikauliza, "Mara ya mwisho mgeni kulala hapa ni lini?" Mama akafikiri: "Kabla ya Ramadhani." Ilikuwa imepita miezi minne.

Kila tundu la maji machafu lina kona iliyopinda chini yake, tunaiita trapu, na kona ile inabaki na maji ya kina cha milimita 50 hivi. Maji hayo ndiyo kizibo cha harufu. Bafu lisipotumika, kwa joto la Dar es Salaam, yanakauka, na hewa ya shimoni inapanda moja kwa moja chumbani. Nikamimina jagi mbili kwenye tundu la sakafu, jagi moja kwenye sinki, nikavuta maji ya choo, tukafungua madirisha. Jioni mama akapiga simu kusema harufu imekwisha. Nilimtoza pesa ya kuja na kutazama, na sikuona haya kuitoza, kwa sababu alichonunua ni sakafu yake kubaki nzima. Nikamwambia kila Jumamosi amwage jagi moja pale.

Mengi yako hivyo. Maji ya bafu hayana nguvu? Kabla ya kulaumu bomba, pima kwa macho kutoka usawa wa maji ya tangi hadi kichwa cha bafu. Kila mita moja ya kimo inakupa sehemu moja tu ya kumi ya bar. Tangi likiwa mita mbili juu ya kichwa cha bafu, umepata 0.2, na hita ya papo kwa papo, ambayo swichi yake husukumwa na maji, inaweza isiwake kabisa. Mteja atabadilisha hita mara tatu. Maji machafu nayo yanataka mteremko: bomba la inchi nne nalilaza likishuka sentimita mbili na nusu kwa kila mita, kwa kamba na pima maji, kila mita, hata kama mchimba mtaro anaapa amenyoosha.

Ukikuta usilolijua, sema, "Hili sijalikuta, nampigia fundi mwenzangu." Nilidhani mteja atanidharau nikisema hivyo. Wateja hawakunidharau. Wanachokichukia ni fundi wa "kesho asubuhi" asiyetokea, simu imezimwa, na kianzio ameshakula. Sisi mafundi tumejipatia jina baya mjini hapa kwa ahadi, na kijana mpya analirithi jina hilo bila kosa lake. Njia ya kulivua ni ndogondogo: kama umesema saa mbili na foleni imekushika Ubungo, piga simu saa mbili kasorobo. Vifaa nunua na mwenye nyumba au mletee risiti. Pesa ya vifaa na pesa ya ufundi ziandike mbali mbali, kwenye karatasi, kabla ya kuanza. Na usiondoke umeacha kifusi. Kuna wateja wangu wasiokumbuka nilitengeneza nini, wanakumbuka nilifagia.

Kwa wasichana niseme moja. Mtafungua geti na begi begani, na mtaulizwa, "Dada, fundi anafika saa ngapi?" Mimi hujibu, "Ndiye mimi, mzee. Shikamoo. Koki kuu iko wapi?" Swali hilo limenifanyia kazi kuliko maelezo yoyote, kwa sababu hapohapo tunaanza kutembea pamoja kuitafuta, na tukifika tunakuwa tumeshaanza kazi.

Kuna jambo moja ambalo sitaki kijana yeyote alijaribu ili aonekane jasiri. Mtu akikuambia ushuke kwenye shimo la choo kuzibua bomba, kataa. Mle ndani kuna hewa isiyoonekana. Ile inayonuka kama yai viza huua uwezo wa kunusa kwanza, kwa hiyo unapoona harufu imepotea unadhani pako salama, na dakika chache baadaye hupo. Wengi waliokufa mashimoni walishuka kumwokoa wa kwanza. Zibua ukiwa juu, kwa fimbo, kupitia chemba, au liite gari la kunyonya. Kazi ikipotea kwa sababu hiyo, acha ipotee.

Wiki mbili zilizopita nilikuwa Goba kwenye nyumba ya vyumba vinne, na saidia fundi wangu, binti wa miaka 20 aliyemaliza chuo mwaka jana. Jointi zote za upande wa jiko alichoma yeye. Mwanzoni alikuwa ananiita kila baada ya moja: "Dada, njoo utazame." Siku ya tatu aliacha kuniita, nilimsikia tu akihesabu kwa sauti ya chini, moja, mbili, tatu, nne, tano.

Tukafunga pampu, tukapandisha presha, tukakaa juu ya mifuko ya saruji tukila mihogo. Mpiga lipu alikuwa ameshakoroga. Baada ya robo saa mshale wa geji ulikuwa umeshuka kidogo, unene wa mstari mmoja. Mpiga lipu akasema ni hewa tu, hiyo haina neno. Mimi sikusema kitu. Binti akasimama, akachukua tochi na kitambaa kikavu, akaanza kupangusa jointi moja moja kutoka upande wake, pole pole, akitazama kitambaa kila mara. Ya sita, nyuma ya sinki, ilikiacha na alama ndogo ya unyevu, upana wa punje ya mtama. Akaitazama kwa muda. Kisha akafungua plagi kutoa maji na kwenda kuleta msumeno.